Baba, papa na simba anayeimba: kisa cha mtoto aliyekariri silabi zote asijue kusoma

Mtoto wa kisa hiki alikuwa na miaka saba, anaelekea kumaliza Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya serikali jijini Tanga. Anaishi Makorora kwa bibi yake mzaa mama, ambaye huamka alfajiri kukaanga vitumbua na kuviuza hapo hapo mlangoni. Jina la mtoto silitaji. Bibi humwita "mume wangu", kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wa kiume, na wenzake mtaani wamelidakia hilo wakamfanya Bwana Mdogo. Hilo ndilo nitakalolitumia.

Lalamiko lilikuwa la bibi. "Mwanangu," aliniambia, "huyu kichwa anacho. Chuoni, kwenye madrasa, anahifadhi mpaka ustadhi anamsifu. Nikimtuma dukani vitu vitano harudi na vinne. Lakini kitabu cha shule, ukurasa aliofundishwa anausoma kama maji, ukigeuza wa pili anakodoa macho."

Bibi alikuwa amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi bila kujua. Mtoto ana kumbukumbu kali, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomsomea. Daftari lake lilikuwa safi, limejaa mistari ya ba be bi bo bu, da de di do du, kila ukurasa una vema nyekundu. Kitabuni alisoma ukurasa mzima huku kidole kikitembea chini ya maneno bila kukosea. Nilipoifunika picha kwa kiganja akanyamaza. Nilipomwonyesha neno lile lile kwenye ukurasa mwingine hakulijua.

Nikaandika "bo" peke yake kwenye karatasi. Midomo yake ikaanza kucheza kimya kimya: ba, be, bi, kisha kwa sauti, "bo!" Nikaandika "bu". Akaanza tena toka ba. Nikaandika "di", akaanza na da. Alikuwa akivuta mstari mzima kama anayevuta uzi wa shanga ili afikie shanga moja. Usipokaa karibu naye hutaliona hilo, maana jibu linalotoka ni sahihi.

Kabla ya kumsingizia mtoto uzito wa kusoma, kwanza masikio. Bibi alisema hajawahi kutoka usaha. Nikasimama nyuma ya mtoto nikanong'ona maneno yanayokaribiana, bata na pata, fua na vua, zana na sana, naye akayarudia yote bila kuyachanganya. Anatamka dhahabu na ghali kipwani hasa. Sikio zima, ulimi mzima. Angekosea hapo ningemwambia bibi ampeleke hospitali kwanza, na mengine yote yangesubiri.

Kusikia kwamba bata si pata, hata mtoto wa miaka miwili anaweza. Kujua kwamba tofauti iko mwanzoni tu, na kwamba "ata" iliyobaki ni ile ile, ni kazi nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipotaka kumpima.

Kipimo cha kwanza alinipa mwenyewe bila kuombwa. Watoto wa mtaa ule huongea kinyume, ule mchezo wa kuichukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo ili wakubwa wasielewe. Alimwambia mwenzake, "Ndetwe niduka," yaani twende dukani, na wakatoka mbio. Aliporudi nikamjaribu. Samaki? "Kisama." Nyumba? "Mbanyu." Mbuzi? "Zimbu." Na mbu? Akafikiri kidogo: "Bum."

Hilo jibu la mwisho lilinifurahisha kuliko yote. Katika mbuzi, m na b zimeshikana ndani ya silabi moja, mbu-zi. Katika mbu, m inasimama peke yake kama silabi kamili, na mkazo wa neno uko juu yake. Hakuna mtu aliyemfundisha hivyo. Anaisikia. Aliniambia pia kwamba bibi, kaka, dada na papa "hawana kinyume", ukiwageuza wanabaki vile vile, kwa hiyo ukiwataja mbele ya mkubwa umejichoma. Mtoto anayeongea hivi ana utambuzi wa silabi ambao mwalimu hana la kuuongeza.

Kisha tukashuka ngazi moja.

"Sema paka."

"Paka."

"Sasa sema paka, lakini ile p mwanzoni usiitamke."

"Ka."

"Sema simba bila s."

"Mba."

"Paka na pili, yanaanza sawa?"

"Hayaanzi sawa, mwalimu. Hili pa, hili pi."

Kwa Bwana Mdogo, pa ilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na pi kitu kingine kisicho na udugu nayo. Ukimwambia aondoe p, anaondoa pa nzima, kwa kuwa hiyo p haipo kichwani mwake. Ndiyo maana kila silabi alilazimika kuikariri upya, na ndiyo maana alihitaji wimbo wa kuifikia.

Jirani mmoja alimwambia bibi asubiri, mtoto atafunguka tu. Mimi sikukubali, na sababu ninazo. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto kijiti wagonge mezani, wengine mara moja kwa kila silabi ya neno, wengine mara moja kwa kila sauti. Wa miaka minne, karibu nusu waliziweza silabi, lakini kwa sauti moja moja hakufaulu hata mmoja. Waliokuwa wanamaliza darasa la kwanza, asilimia 90 waliweza silabi na asilimia 70 waliweza sauti. Mtu anaweza kusema ni umri huo, wamekua. Lakini mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma. Waliombwa kuongeza au kuondoa sauti moja mwanzoni mwa neno, na wengi wao walishindwa, ilhali wenzao wa mazingira yale yale waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Kwa hiyo silabi mtoto anaweza kuisikia kwa kuishi na kuongea tu. Sauti iliyo ndani ya silabi inahitaji mtu wa kumwonyesha.

Sisemi silabi ni njia mbaya. Kwa Kiswahili ndiyo njia yenye mantiki, kwani silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, irabu ni tano tu, na herufi haimdanganyi mtoto. Mwaka 2003 Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walilinganisha watoto wanaoanza kusoma kwa maandishi 13 ya Ulaya. Kwa lugha nyingi watoto waliimudu misingi kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, na Kiingereza kikachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa lugha zenye tahajia nyoofu. Kiswahili kiko upande wa hao wenye bahati. Ndiyo maana pia huwa sipendi kuona michezo ya sauti ya Kiingereza ikihamishiwa huku mzimamzima. Wao wana maneno mafupi yanayofungwa na konsonanti, nasi tuna maneno ya silabi mbili tatu zilizo wazi. Mchezo lazima uzaliwe humu humu.

Shida iko kwenye hesabu. Kiswahili kina konsonanti kama 25 ukizihesabu pamoja na ch, sh, dh, gh, th, ny na ng'. Zizidishe kwa irabu tano, unapata silabi 125, na hapo hujagusa mb, nd, nj, nz, kw, bw, mw na jamaa zao. Mtoto anayesikia ndani ya silabi ana vitu kama 30 vya kujifunza. Asiyesikia ana mamia. Kumbukumbu ya Bwana Mdogo ilikuwa imembeba mpaka hapo, na sasa mzigo ulikuwa unaizidi. Mtaala wa 2015 wa Darasa la Kwanza na la Pili, ule wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), uliitambua stadi hii ya sauti. Lakini darasa likishajaa watoto, kinachowezekana mara nyingi ni kuitikia kwa pamoja, na katika kuitikia kwa pamoja mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hajulikani kama anasoma au anaimba.

Tulianza na irabu, kwa kuwa ndizo zinazosikika kwa kelele. Nilichukua sentensi ya nyumbani kwao: bibi anapika wali. Kanuni ni moja, irabu zote zigeuzwe ziwe moja, mengine yasiguswe. Kwa a: baba anapaka wala. Akacheka, akauliza baba anapaka nini. Kwa i: bibi inipiki wili. Kwa o: bobo onopoko wolo. Hiyo ya o ilisikika uchochoroni jioni nzima.

Faida ya mchezo huu haiko kwenye irabu zinazobadilika. Iko kwenye konsonanti zinazobaki. Bibi, baba na bobo zote zinafunga midomo mahali pale pale. Nilimwambia aweke kidole midomoni na aseme zote kwa zamu. Je, midomo inafunga kwa namna tofauti? "Inafunga vile vile." Lakini jibu hilo bado lilikuwa la midomo tu. Nilipomuuliza tena kama ba na bi zinaanza sawa, akasema hapana.

Mlango ulifunguka upande ambao shule huwa haiutazami. Bwana Mdogo huenda chuoni kila alasiri, na huko amefundishwa herufi za Kiarabu na alama za irabu zake, fataha ya a, kasra ya i na dhuma ya u, kwa mtindo wa zamani. Nikamuuliza.

"Be ikiwa na fataha inasomwaje?"

"Be fataha ba."

"Ikiwa na kasra?"

"Be kasra bi."

"Na dhuma?"

"Be dhuma bu."

"Hapo nani amebadilika, na nani hakubadilika?"

Akatazama juu ya mlango kitambo. "Be yuko pale pale. Wanaobadilika ni wale wa juu na wa chini."

Alikuwa na maarifa hayo siku zote, ila hakuwa na sababu ya kudhani kwamba ubao wa shuleni una habari na ubao wa chuoni. Kwa maandishi ya Kiarabu konsonanti ina umbo lake, na irabu ni alama inayokaa juu au chini yake, kwa hiyo mgawanyo unaonekana kwa macho. Kuna hata sukuni, alama ya kusema herufi hii haina irabu, na mtoto aliyeshika sukuni amekwisha kuonja konsonanti tupu. Tulipoandika b kwa wino mweusi na irabu kwa wino mwekundu, tukaita nyekundu "fataha ya shule", alielewa mara moja. Daraja hili lina mwisho wake. Irabu fupi za Kiarabu ni tatu, e na o hazimo, na p haimo kabisa. Wazee walioandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi iliwabidi kuongeza alama za p na ch. Na mpaka mmoja niliuheshimu toka mwanzo: tulitumia herufi na irabu za somo la mwanzo, si maneno ya Kurani. Hayo hayachezewi, na bibi asingekubali, wala mimi.

Kuanzia hapo konsonanti zilianza kucheza. Ya kwanza ilikuwa baba. Badilisha b iwe p: papa. "Baba kawa samaki!" Kwa mtoto wa Tanga, papa ni nyama ya kuchanja na kuanika, si picha ya kitabuni, kwa hiyo kicheko kilikuwa cha kweli. Tulishika koo. Funga midomo uanze b bila kuimalizia, koo linatetemeka. Anza p, koo kimya. Midomo ile ile, mahali pale pale, koo ndilo linalotofautisha. Kisha baba akawa kaka, dada, mama, nana, akarudi kuwa baba.

Halafu mnyororo mrefu zaidi: paka, taka, kaka, saka, waka, shaka. Kanuni ilikuwa kwamba anayetoa neno anachukua kizibo kimoja cha soda, na lazima aseme sauti gani imetoka na ipi imeingia. Bila hiyo sehemu ya pili mchezo unageuka kuwa wa vina tu, na mtoto mwenye ulimi mwepesi atashinda bila kusikia chochote. Bwana Mdogo alileta daka. Baadaye akaleta zaka, aliyoitoa chuoni, nikampa vizibo viwili. Tulipohamia sauti ya katikati, paka, pata, pasa, papa, alipungua kasi sana. Sauti ya mwanzo inasimama wazi, ya katikati imebanwa na irabu pande zote, na usishangae mtoto akihitaji muda mrefu zaidi hapo.

Neno kwa walimu wenzangu: tembea mnyororo wako peke yako kwanza, mpaka mwisho. Kiswahili ni chepesi kubadilisha sauti, na iko minyororo inayoishia mahali ambapo watoto wa mtaani watafika kabla yako, kwa furaha kubwa, mbele ya wazazi.

Vizibo hivyo hivyo vilifanya kazi ya pili. Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovyeti, aliwachorea watoto vijisanduku, kimoja kwa kila sauti ya neno, nao wakisukuma kipande kimoja kwa kila sauti wanayoitamka. Sisi tulitumia mkeka na vizibo. Kwa neno pita, mwanzoni Bwana Mdogo aliweka vizibo viwili. Ni haki yake, pi na ta. Nikamwomba aivute ile pi polepole mpaka isikike inapoanzia na inapoishia, naye akaongeza kizibo, kisha kingine. Vinne. Ondoa cha kwanza, soma kilichobaki: ita. Nilichagua maneno ambayo yakinyang'anywa sauti ya mwanzo yanabaki na maana, kwa sababu maana inamhakikishia mtoto kwamba amepatia. Kona, ona. Boga, oga. Nyuma, uma. Na lile lililompiga chini siku ya kwanza, simba. Aliondoa kizibo cha s, akatulia, akaangua kicheko: "Simba anaimba!"

Hapo sikungoja tena kuleta herufi. Jopo la kitaifa la kusoma la Marekani lilipopitia tafiti mwaka 2000 liliona mazoezi ya sauti yanasaidia zaidi yakiambatana na herufi kuliko yakifanywa kwa mdomo tu, na kwa mtoto ambaye tayari ana daftari zima la herufi hakuna sababu ya kuchelewa. Tuliandika herufi migongoni mwa vizibo kwa kalamu ya wino mzito, tukaendelea na mchezo ule ule. Kubadili sauti sasa kulikuwa kubadili kizibo.

Kulikuwa na watu walionishauri nitumie kinyume chenyewe kama dawa, maana mtoto anakipenda. Nilikitumia kumpima na kumvutia, si zaidi. Kinyume kinahamisha silabi nzima, na kuendelea nacho kungemnoa pale alipokwisha kuwa mkali. Badala yake tukatunga kinyume cha ndani: maneno mawili yanabadilishana sauti za mwanzo peke yake. Wali samaki, sali wamaki. Chai moto, mai choto. Alikipokea kama siri mpya ya kuwaringia wenzake, na sababu ilikuwa ya kweli, kwani wenzake wa kinyume cha kawaida hawakukielewa.

Asubuhi moja aliingia nyumbani akamwamkia bibi: "Bikamoo, shibi!"

Bibi akaacha upawa. "Alaa! Salamu haichezewi, mume wangu. Rudia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shibi ndiyo nini?"

Kwa upande wa adabu bibi alikuwa na haki, na salamu tukaiondoa mchezoni. Kwa upande wa kisa chetu, sentensi ile ilikuwa ripoti kamili. Hakuna aliyempa maneno yale, ameyatunga mwenyewe. Alibadilisha sauti mbili bila kugusa irabu zake. Na sh, ambayo daftarini ni herufi mbili, aliihamisha kama sauti moja. Mtoto aliyesema pa na pi hazina udugu asingeweza kuitunga. Bibi, baada ya kuelezwa kanuni, alikaa kimya akigeuza vitumbua, kisha akamwita: "Haya, njoo unywe vai kwa chitumbua." Toka hapo mwalimu wa nyumbani alikuwa yeye, na alikuwa na muda kuliko mimi.

Palipotusumbua kweli ni mb, nd na ng. Akisoma alikuwa anakwenda vizuri. Akiandika, simba ilikuwa siba, na ndege ilikuwa dege. Wapo watakaosema ni uzembe. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wa makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, na kichwa cha habari chao kinasema wazi kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye maandishi ya kanuni si kazi ndogo. Nakubaliana nao. Mtoto anasikia mb kama tukio moja, midomo inafunga mara moja tu, na kwenye mkeka aliweka kizibo kimoja. Sikumlazimisha viwili. Kimatamshi ana hoja, na hata wataalamu wa sauti huiita konsonanti moja yenye unazali, yaani sauti ya puani. Lakini kalamu inadai herufi mbili.

Tulichofanya ni kuziba pua. Sema boga ukiwa umebana pua: linatoka. Sema mboga: linakwama mwanzoni, kwa sababu m inapita puani na njia imefungwa. Alirudia boga, mboga, boga, mboga mpaka bibi akaomba nafuu. Vitu hivi viwili vinakaa meza moja soko la Mgandini, kwa hiyo hakuna wa kumdanganya kuhusu maana. Dege na ndege, goma na ngoma, vivyo hivyo. Kwenye mkeka tukakubaliana kuwa sauti inayokwama puani inapata vizibo viwili vilivyogusana, na akiandika, vizibo vilivyogusana ni herufi mbili. Siba ilitoweka kwanza. Dege imekuwa ikirudi rudi, hasa anapoandika haraka.

Kumpima kama anasoma au anakumbuka, nilimtungia maneno yasiyokuwepo: vemu, dosipa, lifeka. Hayo hayawezi kutoka kwenye picha wala kwenye wimbo. Mwanzoni kabisa alikuwa ameyatazama na kuniuliza ni ukurasa wa ngapi. Sasa anayasoma, polepole, kidole kikisimama kwenye kila silabi, na midomo haipiti tena toka ba. Akikwama husema konsonanti, husita, kisha huivalisha irabu. Kasi bado ni ndogo. Sentensi ndefu humfikisha mwisho akiwa amesahau mwanzo, na akimaliza kusoma aya huwa namuuliza imesema nini, kwa kuwa kuna siku hajui. Hilo la ufahamu ni kazi ya kusoma kwingi, na vitabu vya kumpa ni vichache. Tunasoma maandishi ya mifuko ya unga, mabango ya maduka na majina yaliyoandikwa kwenye bajaji.

Mwalimu wake wa darasa nilimtembelea kwa ruhusa ya bibi. Hakuhitaji mhadhara, alihitaji kitu kinachofanyika na darasa lililojaa. Tulikubaliana mambo mawili. Kwenye ubao wa silabi aonyeshe kwa kuruka ruka, asianze na ba, na amwite mtoto mmoja mmoja baada ya kuitikia kwa pamoja. Wanaoimba hujitokeza wenyewe. Na wakiwa kwenye foleni ya uji, anatoa neno, kila mtoto anabadili sauti ya mwanzo kabla ya kupewa kikombe. Aliniambia baadaye kwamba aligundua wengine wenye hali ya Bwana Mdogo, baadhi yao ndio waliokuwa wakiongoza kuitikia.

Kilichobaki kwa sasa ni ng' na ng. Ngoma na ng'ombe anaziandika kwa namna moja, na ile alama ya ng' anaiweka anapojisikia. Mbinu ya pua inasaidia nusu tu, kwa kuwa zote mbili hupita puani. Tofauti iko kwenye g inayofunguka mwishoni mwa ng, nayo iko nyuma kabisa ya mdomo, hakuna midomo ya kutazama. Tunatumia ngoja na ng'oa. Jino lake la mbele linacheza, bibi anataka kuling'oa kwa uzi, na Bwana Mdogo amemwandikia karatasi akaibandika mlangoni: NGOJA. Ameiandika sawasawa. Ng'oa bado anaiandika bila alama.